Mwongozo Kamili wa Kumuaga Kiongozi wa Chama cha Wafanyakazi na Chama cha Siasa Anayestaafu

Hafla nyingi za kumuaga kiongozi wa tawi huharibika kwa namna ileile. Watu hukusanyika, hotuba hufuatana kwa saa tatu, kila msemaji hurudia kwamba mstaafu alikuwa mchapakazi na mpenda watu, zawadi hutolewa, picha hupigwa, kisha wafanyakazi aliowatetea huondoka bila kusikia hata jambo moja alilowafanyia likitajwa waziwazi. Ikiwa mstaafu alikuwa pia kiongozi wa chama cha siasa, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu hafla hugeuzwa jukwaa la kampeni la wale wanaoinyemelea nafasi anayoiacha.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kamati za maandalizi za ngazi ya tawi au wilaya, zinazomuaga mtu aliyevaa kofia hizo mbili. Naushikilia msimamo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kiongozi wa wafanyakazi huheshimiwa kwa matendo yake yaliyothibitishwa na kusimuliwa na wale yaliyowagusa. Ukumbi, ratiba, zawadi na mgeni rasmi vyote vipangwe ili kulitumikia jambo hilo.

## Mahitaji

Vikusanye vitu hivi kabla ya kutangaza chochote:

- Ridhaa ya mstaafu mwenyewe, ikiwezekana kwa maandishi.
- Katiba ya chama cha wafanyakazi na katiba ya chama cha siasa, pamoja na kanuni za fedha za kila kimoja.
- Daftari za mihtasari ya vikao vya tawi, nakala za mikataba ya hali bora (makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu malipo na masharti ya kazi) iliyosainiwa wakati wa uongozi wake, na orodha ya mashauri yaliyokwisha kufungwa.
- Kamati ya watu watano hadi saba, wakiwamo angalau wawili wasio na cheo chochote.
- Daftari la mapato na matumizi na kitabu cha stakabadhi kilichofunguliwa kwa ajili ya shughuli hii peke yake.
- Simu au kinasa sauti cha kurekodia shuhuda.
- Picha za zamani za mstaafu akiwa kazini na vikaoni.
- Muda wa miezi mitatu. Wiki sita zinaweza kutosha, lakini chini ya hapo shuhuda hazitakusanywa vizuri na mtarudi kwenye hotuba za jumla.

## Hatua ya 1: Zungumza na mstaafu kwanza

Watumwe watu wawili anaowaamini, wakamwulize mambo matatu: nani lazima awepo, nini kisisemwe, na ni akina nani anaotaka kushirikiana nao heshima hiyo. Swali la tatu ndilo muhimu kuliko yote, kwa kuwa kiongozi mzuri wa wafanyakazi anajua kwamba hakuna alichokipata peke yake, na majina atakayoyataja yatawaelekeza kwa mashahidi ambao kamati isingewafikiria.

Msimfanyie hafla ya kumshtukiza. Huenda ana maradhi asiyopenda yajulikane, au ana shauri ambalo halijaisha, au kuna mtu ambaye hawezi kukaa naye meza moja. Mambo hayo yakijulikana mapema hurekebishika, ilhali yakijulikana ukumbini huwaaibisha wote.

Mmefanikiwa katika hatua hii mkiwa na ukurasa mmoja wa majibu yake, ambao mmemsomea naye akaukubali.

## Hatua ya 2: Tenganisha kofia mbili

Hapa ndipo kamati nyingi hukwama. Kuongoza wafanyakazi na chama cha siasa kwa pamoja si jambo la ajabu: Tom Mboya alikuwa kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Kenya alipokuwa Katibu Mkuu wa chama cha siasa cha KANU mwaka 1960, naye Lula da Silva alitoka katika uongozi wa chama cha wafanyakazi wa vyuma nchini Brazil akashiriki kuunda chama cha siasa mwaka 1980. Kwa hiyo kofia ya pili ya mstaafu haina haja ya kufichwa. Linalotakiwa ni kujua nani anamshukuru kwa lipi, na kwa fedha za nani.

Chama cha wafanyakazi kina wanachama wa vyama vyote vya siasa na wengine wasio na chama, na wote wanalipa ada. Mkutano Mkuu wa Shirika la Kazi Duniani ulipitisha mwaka 1952 azimio kuhusu uhuru wa vyama vya wafanyakazi, linaloeleza kwamba chama cha wafanyakazi kikiamua kuwa na uhusiano na chama cha siasa, uhusiano huo usihatarishe uhai wake wala kazi zake za kijamii na kiuchumi, hata serikali au siasa za nchi zikibadilika. Azimio hilo lilikusudiwa kwa mambo makubwa kuliko hafla, lakini mwanachama aliyechangia ada kisha akakuta imenunua bendera za chama asichokiunga mkono ana haki ileile ya kulalamika.

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kufanya hafla mbili katika siku tofauti, kila chama kikigharimia yake. Ya pili ni hafla moja yenye sehemu mbili, bajeti mbili na waandaaji wawili waliotajwa kwenye mwaliko. Mimi napendelea njia ya kwanza, na huwa naiona ya lazima pale uchaguzi wowote, wa ndani ya chama au wa umma, unapokuwa karibu. Mkichagua ya pili, sehemu ya wafanyakazi itangulie, isiwe na sare, bendera wala kaulimbiu za siasa, na pawe na mapumziko yatakayomruhusu asiyetaka kubaki aondoke bila kutazamwa vibaya.

Zisomeni pia sheria za uchaguzi za mahali penu. Zipo nchi ambako zawadi, chakula au mkusanyiko unaoandaliwa na chama wakati wa kampeni huhesabiwa kuwa gharama za uchaguzi au hata kosa.

Mtajua mmefaulu mkiona mwanachama wa chama pinzani amekaa hadi mwisho wa sehemu ya wafanyakazi akiwa ametulia, kwa sababu na yeye alitetewa na mtu huyuhuyu.

## Hatua ya 3: Weka fedha wazi

Michango iwe ya hiari, isikatwe kwenye mshahara, na kila anayetoa apewe stakabadhi. Fedha za tawi zitumike tu kwa kiasi kilichoidhinishwa na kikao halali na kuandikwa kwenye muhtasari. Malipo yaidhinishwe na watu wawili, na asiwemo ndugu wa mstaafu.

Mwajiri akijitolea kugharimia hafla, mshukuruni, kisha mfikiri kwa makini. Mkataba namba 98 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949 unahesabu kuwa ni kuingilia vyama vya wafanyakazi pale mwajiri anapovisaidia kwa fedha au kwa njia nyingine ili kuviweka chini ya udhibiti wake. Kuruhusu ukumbi wa kazini utumike, au kuwapa watu wa zamu nafasi ya kuhudhuria, ni msaada unaoweza kupokelewa bila wasiwasi. Kulipia hafla yote hufungua mlango wa maneno yatakayomfuata mstaafu hadi nyumbani, hata kama alikuwa msafi miaka yake yote.

## Hatua ya 4: Kusanya ushahidi wa matendo

Hatua hii ipewe muda mrefu kuliko nyingine zote. Nimeona kamati zikitumia wiki nzima kuchagua rangi za vitambaa, kisha wasifu wa mstaafu ukaandikwa usiku wa kuamkia hafla na mtu aliyejiunga na tawi juzi.

Anzeni na karatasi, kisha mwende kwa watu. Pitieni daftari za mihtasari mwaka kwa mwaka. Kila mahali jina la mstaafu linapotokea katika jambo lenye matokeo, andikeni mambo matano: mwaka, tatizo, wafanyakazi wangapi waliguswa, alifanya nini hasa, na nani alikuwa pamoja naye. Linganisheni mikataba ya hali bora miwili inayofuatana, kifungu kwa kifungu. Tofauti kati ya mkataba wa zamani na mpya, kama vile siku zilizoongezwa kwenye likizo ya uzazi, kiwango cha malipo ya saa za ziada, au vifaa vya kujikinga ambavyo mwajiri alikuwa hatoi, ndiyo kazi ya kiongozi ikiwa imeandikwa na kusainiwa.

Ulizeni kuhusu siku, msiulize kuhusu sifa. Mkimwuliza mtu, “Unamwonaje Mwenyekiti?” atajibu kwamba ni mtu mwema, na mtakuwa hamna la kuandika. Mwulizeni, “Siku ulipopewa barua ya kuachishwa kazi, ulikwenda kwake saa ngapi? Alikuuliza nini kwanza? Mliingia wote kwenye kikao cha nidhamu? Alisema nini?” Msimkatize anaponyamaza. Mara nyingi jambo zito hufuata baada ya ukimya.

Watafuteni wasiotafutwa. Mazoea ni kuwahoji viongozi wenzake. Nendeni kwa wafanya usafi, walinzi, vibarua ambao mikataba yao ilikuwa ya miezi mitatu mitatu, wanawake waliorudi kazini baada ya kujifungua, na wastaafu waliomtangulia. Mhojini pia angalau mtu mmoja ambaye shauri lake lilishindwa. Akisema, “Tulishindwa, lakini hakuniacha peke yangu,” ushuhuda huo una uzito kuliko shukrani kumi za walioshinda.

Thibitisheni kila tendo mara mbili. Tendo lisiingie kwenye risala mpaka liwe na karatasi moja na mtu mmoja, au watu wawili wasiorudia maneno ya wenzao. Kumbukumbu za mgomo wa miaka ishirini iliyopita hukua kadiri zinavyosimuliwa, na ukumbini atakuwapo aliyeshuhudia. Tendo moja likipingwa kwa haki mbele ya watu, mengine yote hutiliwa shaka.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza, mashauri ya nidhamu, ya ugonjwa na ya unyanyasaji ni siri ya mhusika, hivyo yasitajwe bila idhini yake ya maandishi, hata kwa kuficha jina, kwa kuwa katika tawi dogo kila mtu anajua ni nani. Ya pili, msimpe mtu mmoja ushindi wa wengi. Badala ya kusema “alileta nyongeza ya mishahara”, semeni aliongoza timu ya majadiliano, kisha mwitaje timu hiyo. Wenzake watasikia wametendewa haki, naye mstaafu hatalazimika kusahihisha risala yenu anapojibu.

Kazi imekamilika mkiwa na matendo saba hadi kumi yaliyothibitishwa. Mtatumia matatu au manne tu kwenye hafla. Mengine yatafaa baadaye, kama nitakavyoeleza katika hatua ya 7.

## Hatua ya 5: Andika risala

Risala ya wanachama iwe na maneno 600 hadi 700. Kwa mwendo wa utulivu wa maneno kama 100 kwa dakika, itasomwa kwa dakika sita au saba, na msomaji aipime kwa saa, kwa sauti, kabla ya siku yenyewe.

Tazama kipande hiki, cha aina inayoandikwa kila mara:

“Mwenyekiti wetu amekuwa nguzo imara na mtetezi asiyechoka wa haki za wafanyakazi, mwenye hekima, busara na moyo wa kujitoa, ambaye mchango wake hautasahaulika.”

Kipande hiki kingeweza kusomwa kwa mtu yeyote, mahali popote. Sasa linganisha na hiki, ambacho ni mfano wa kubuni:

“Ndugu Mwenyekiti, mashine namba mbili ilipomkata vidole mwenzetu wa zamu ya usiku, ulifika hospitali kabla ya gari la kampuni. Asubuhi ulikataa zamu iingie mpaka mkaguzi wa usalama aje. Uliandikiwa barua ya onyo, na barua hiyo bado imo kwenye jalada lako. Kinga iliyofungwa kwenye mashine ile ndiyo inayotulinda mpaka leo.”

Kipande cha pili hakina sifa hata moja, na bado hakuna atakayekisikia asitambue ushujaa. Andikeni namna hiyo: tukio, alichofanya, kilichomgharimu, na kilichobaki. Sifa ziachieni wasikilizaji.

Kuhusu kazi yake ya siasa, sentensi mbili au tatu zinatosha katika risala ya wafanyakazi: alishika nafasi gani, tangu lini hadi lini, na ikiwa aliitumia nafasi hiyo kuleta jambo la wafanyakazi kwenye vikao vya maamuzi, ni jambo gani. Chama chake cha siasa kitaeleza mengine katika sehemu yake, nacho kifuate kanuni hii hii ya matendo badala ya sifa.

Mpeni mstaafu orodha ya majina, miaka na vyeo ahakiki, bila kumwonyesha risala nzima. Kosa la jina la mtu aliyekwisha kufariki huumiza sana, na yeye ndiye atakayeliona.

## Hatua ya 6: Tarehe, mahali na mialiko

Chagueni tarehe inayowezesha zamu zote kuhudhuria. Kama kazi haisimami, wekeni hafla wakati wa kubadilishana zamu, au mpange uwakilishi wa kila zamu. Epukeni tarehe 1 Mei: siku hiyo ni ya wafanyakazi wote, ina ratiba yake, na mstaafu wenu atamezwa na maandamano.

Mwaliko utaje nani anaandaa, muda wa kuanza na wa kumaliza, na kama kuna sehemu ya siasa. Mgeni rasmi asitafutwe kwa ukubwa wa cheo. Mwombeni mtu aliyefanya kazi na mstaafu, hata kama ni katibu wa zamani wa tawi jirani.

## Hatua ya 7: Zawadi na maandishi yake

Ngao ina mahali pake, lakini zawadi ninayoisisitiza ni kitabu cha shuhuda: matendo yote mliyoyathibitisha, kila moja kwa nusu ukurasa, likiwa na jina la aliyelisimulia kwa idhini yake, pamoja na picha na nakala za kurasa za mikataba aliyoisaini. Chapisheni nakala tatu: yake, ya familia, na ya ofisi ya tawi. Hapo ndipo yale matendo ambayo hayakuingia kwenye risala yanapopata nafasi.

Picha zichunguzwe kabla ya kupelekwa kwa mchapaji. Kwa uchapaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi, picha ya kujaza karatasi ya A4 inahitaji takriban pikseli 2480 kwa 3508. Picha iliyotumwa mara nyingi kwa simu huwa imepungua sana, hivyo tafuteni ya asili au mkapige upya nakala ya karatasi kwenye mwanga wa kutosha.

Maandishi ya ngao yawe mafupi: jina kamili kama yeye anavyoliandika, nafasi, miaka, na tendo moja. Watu wawili wayasome herufi kwa herufi kabla hayajachongwa. Thamani ya zawadi isitangazwe ukumbini, wala majina ya waliotoa kingi yasisomwe, kwa kuwa aliyetoa kidogo alitoa kwa heshima ileile.

## Hatua ya 8: Ratiba ya siku

Dakika 90 zinatosha kwa sehemu ya wafanyakazi. Mpangilio ninaoupendekeza ni huu: ufunguzi na utambulisho, dakika 10; ushuhuda wa wafanyakazi watatu, dakika 5 kila mmoja; risala, dakika 7; neno la familia, dakika 5; mgeni rasmi, dakika 10; zawadi na picha, dakika 15; kisha mstaafu mwenyewe, bila kikomo kilichotangazwa.

Wafanyakazi watangulie kwa sababu watu huwa wangali makini mwanzoni, na kwa sababu mgeni rasmi akishasikia shuhuda hizo, hotuba yake hupata pa kushika. Mstaafu aseme mwisho, na baada yake asisimame mtu mwingine isipokuwa mshereheshaji kufunga.

Mshereheshaji apewe mamlaka ya kumkatiza anayepitiliza muda, na kila msemaji aambiwe hivyo kabla ya siku hiyo. Aambiwe pia kwa maneno bayana kwamba atakayetangaza nia ya kugombea, au kumtaja “mrithi”, atanyang’anywa kipaza sauti. Nani atashika nafasi hiyo ni suala la wapiga kura katika kikao chao.

## Hatua ya 9: Makabidhiano

Makabidhiano ya ofisi yafanyike kabla ya hafla, katika kikao cha kazi, yakiwa na hati iliyosainiwa na anayetoka, anayeingia na shahidi. Yaorodheshwe mihuri, funguo, majalada, vifaa, hati za benki, nywila za akaunti za tawi, na mashauri ambayo hayajafungwa pamoja na tarehe za mwisho za kila moja. Tarehe hizo zisipokabidhiwa, mfanyakazi anaweza kupoteza haki ya kukata rufaa wakati watu wanapiga makofi. Majina ya watia saini wa akaunti yabadilishwe mara moja, kwa ajili ya kumlinda mstaafu mwenyewe na maswali ya baadaye.

Upande wa chama cha siasa ufanye makabidhiano yake peke yake, na majalada ya pande mbili yasichanganywe, hasa orodha za wanachama.

## Hatua ya 10: Baada ya hafla

Ndani ya siku 14 kamati ibandike taarifa ya mapato na matumizi mahali pa matangazo, ikiwa na stakabadhi zilizoambatishwa ofisini kwa anayetaka kuziona. Salio lipelekwe mahali ambapo kikao kiliamua tangu awali. Kama halikuamuliwa, lirudi kikaoni na lisigawanywe na kamati.

Rekodi za sauti za mahojiano zihifadhiwe na tawi kwenye vifaa viwili tofauti, kila faili ikiwa na jina la msimulizi, tarehe na kiwango cha idhini aliyoitoa. Waliohojiwa lakini hawakupata nafasi ya kuzungumza wapelekewe barua ya shukrani pamoja na nakala ya ukurasa wao.

Mwezi mmoja baadaye, watu wale wawili waliotumwa mwanzoni wamtembelee mstaafu. Wamjulishe yalipofikia mashauri aliyoyaacha, wamwulize kama malipo yake ya kustaafu yamekamilika, na kama hayajakamilika, wafungue jalada kwa jina lake kama ambavyo yeye angelifungua kwa mwanachama mwingine yeyote.